Jina la Shule

Dakika ya sabini na moja, Merina alisimama juu ya benchi la mbao akaita jina ambalo hakupaswa kuliita.

Ilikuwa nusu fainali ya mashindano ya vyuo, Jumamosi, katika uwanja wa Lake Tanganyika. Timu zilikuwa sare ya bao moja kwa moja. Kiungo wa chuo cha ualimu alipiga mpira mrefu uliopita juu ya vichwa vya mabeki wa chuo cha kilimo, na winga wa kulia, mwenye jezi namba saba, akaanza kukimbia. Huo ndio uliokuwa mchezo wake wote. Hakuwa fundi wa chenga, na kwa kichwa alikuwa wa kawaida. Alikuwa na mbio, na alijua mpira utatua wapi kabla haujaanza kushuka. Mwaka uliotangulia alikaa benchi. Mwaka huu alikuwa amefunga mabao kumi na moja katika mechi tisa, yote kwa kukimbilia mpira mgongoni mwa mabeki. Wenzake walimwita Mgebuka, kwa jina la samaki yule mwembamba anayewafukuza dagaa. Washabiki walilipenda zaidi jina lake la daftarini, Kiza, kwa sababu liliimbika.

"Kiza kimeingia!" waliimba kila mpira mrefu ulipopigwa. "Kiza kimeingia, fungeni milango!"

Merina hakuwa amewahi kumwona mwanawe akicheza. Siku zote saa kumi ilimkuta mwaloni Ujiji, ufukweni wanaposhushia samaki, akigeuza dagaa kwenye chanja. Siku hiyo alikuja kwa sababu aliambiwa kuna bwana wa timu kutoka Dar es Salaam amekuja kumtazama. Alipoona mabeki wawili wameachwa nyuma na mtoto amebaki na kipa peke yake, alisahau yote aliyoagizwa.

"Butoyi!" aliita. "Kimbia, Butoyi wangu!"

Na namba saba akageuza kichwa. Ilikuwa nusu sekunde. Mpira ukamgonga ugokoni, kipa akaudaka.

Chuo cha ualimu kilishinda kwa penalti, na washabiki wakasahau lile la dakika ya sabini na moja. Mmoja hakusahau. Adolf, meneja wa timu ya chuo cha kilimo, alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye lile benchi. Alimwuliza muuza karanga, "Yule mama ni nani?"

"Yule? Mama Mapacha. Anauza dagaa pale mwaloni."

"Mapacha wake ndio akina nani?"

"Bukuru na Butoyi," alijibu muuza karanga. "Nani asiyewajua?"

Mwalimu Telesphory, kocha wa chuo cha ualimu, alifika nyumbani Jumatatu jioni na karatasi ndani ya bahasha. Alisimama mpaka Bukuru, pacha wa kike, alipokwenda kuazima kiti cha plastiki kwa jirani, maana kiti cha nyumbani mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Mimi sikuja kulaumu. Ila karatasi hii inalaumu." Akaisoma. Yalikuwa malalamiko ya chuo cha kilimo, yakisema kwamba mchezaji anayejulikana kama Kiza Manariyo si Kiza Manariyo. Kwamba Kiza Manariyo alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka kumi. Kwamba mchezaji huyu ni kaka yake, Butoyi, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Chini palikuwa na picha ya msalaba wa mbao wenye jina na miaka.

Kila neno lilikuwa la kweli. Mwaka ule ambao Kiza alikufa, Butoyi alianguka mtihani wa darasa la saba, na shule haikuruhusu kurudia. Jina la Kiza lilikuwa bado halijafutwa katika daftari la darasa la nne. Mzee Manariyo, baba yao, akaomba uhamisho wa Kiza kwenda shule nyingine, na Butoyi akaenda nao. Katika mtaa ule watu kadhaa walikuwa na jina la nyumbani na jina la shule, na hakuna aliyeliona kuwa jinai. Lilikuwa kama kuvaa sare ya ndugu yako. Vyeti vyote alivyopata baadaye, mpaka kitambulisho cha chuo, vilisema Kiza. Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuwahi kumwita hivyo hata kwa mzaha. Mtu huyo ni Merina.

"Wanataka cheti cha kuzaliwa kabla ya Jumatatu ijayo," kocha alisema. "Na bwana wa Dar anakitaka hichohicho. Timu yake ni ya vijana wasiozidi miaka ishirini."

Butoyi alikuwa amekaa kizingitini. "Si tuna cheti cha darasa la saba, Mwalimu? Na cha kidato cha nne?"

"Tunavyo, na ni vizuri. Tatizo siyo Kiza. Kiza ana karatasi zote. Tatizo ni Butoyi. Wanauliza, Butoyi yuko wapi?"

"Tuseme yuko Burundi," alisema Manariyo.

"Watasema aletwe, mzee. Au watakuuliza kwa nini una mtoto Burundi, na hapo utaanza kuulizwa wewe."

Manariyo alizaliwa Ujiji na hakuwahi kuvuka mpaka, lakini baba yake alikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, na jina lake lilidaiwa maelezo katika kila dirisha alilosimama.

Kocha alikunja karatasi. "Makaburini kuna mtoto mmoja wa nyumba hii. Nyumbani kuna kijana mmoja. Majina ni mawili. Mimi nafundisha hesabu, mzee. Zaidi ya hapo sisemi."

Mlio wa cherehani uliokuwa ukisikika kutoka chumbani ulikoma. Bukuru alitokea na futi ya kupimia shingoni.

"Mwalimu wa hesabu, nisaidie na mimi," alisema. "Nilizaliwa pacha. Mkimtoa mwenzangu, nabaki pacha wa nani?"

"Dada yangu, ni karatasi tu."

"Karatasi tu, mbona imekutoa chuoni Kidahwe mpaka huku?"

"Bukuru!" alikemea baba yake.

"Abee, baba. Nimenyamaza."

Merina alimgeukia kijana. "Na wewe wasemaje?"

"Nikikataa, mama, nafukuzwa chuo. Vyeti vinafutwa. Labda na polisi wanakuja. Nikikubali, nakwenda Dar."

"Sikukuuliza utakwenda wapi."

Butoyi alitazama miguu yake. Ukucha mmoja ulikuwa umeng'oka Jumamosi. "Naitaka, mama," alisema. "Naitaka sana."

Kazi ya Manariyo ilikuwa kuunda na kukalafati mitumbwi. Msalaba wa Kiza aliutengeneza mwenyewe kwa kipande cha mvule kilichobaki kwenye mtumbwi wa watu, na kwa kuwa alitaka udumu, herufi alizichimba ndani sana kwa tindo. Jumatano asubuhi aliung'oa, akauleta mwaloni kwenye benchi lake la kazi, akaanza kuupiga randa. Alidhani ataondoa jina na tarakimu moja. Ikambidi aondoe uso mzima wa ubao.

Mvuvi aliyepita alivua kofia. "Mzee, msalaba wa nani huo?"

"Wa nyumbani."

"Loo! Poleni sana."

Manariyo aliendelea kupiga randa, na mvuvi akaondoka na habari yake. Haikufika saa sita, Marcelina, jirani wa nyumba ya pili, akaingia uani kwa Merina, kichwani amebeba unga wa muhogo kwenye beseni, khanga ameifunga kifuani, uso tayari umeshalowa.

"Mama Mapacha, jamani! Nani tena?"

Merina alisimama na ufagio mkononi. "Hakuna mtu."

"Hakuna vipi? Mzee anachonga msalaba!"

Bukuru alijibu bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Ni Butoyi, mama Marcelina. Ila usilie sana, saa saba anakuja kula."

Marcelina aliangua kicheko, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa ameishi katika mtaa ule miaka ishirini. Alijua watoto wa nani walisoma kwa majina ya nani, na mmoja alikuwa wake. Aliufuta uso kwa ncha ya khanga.

"Nirudi na unga wangu, mama, au niuache?"

"Uache," alisema Merina.

Baadaye alikwenda mwaloni. Msalaba ulikuwa umeegemezwa kwenye ubavu wa mtumbwi, mweupe kama ubao mpya, na Manariyo alikuwa akichora kwa penseli mahali pa kuchimba: BUTOYI MANARIYO 2002–2015. Chini ya benchi palikuwa na rundo la maranda. Randa ilipopita juu ya herufi za zamani, maranda yalitoka na matundu yenye umbo la herufi. Merina alichuchumaa akaokota moja. Lilikuwa na tundu la A.

"Na Kiza wangu atalala wapi?" aliuliza.

"Palepale."

"Bila jina?"

Manariyo aliweka penseli nyuma ya sikio. "Mama Bukuru," alisema, "jina lake lina kazi."

Kiapo kiliandikwa na wakili mmoja mjini. Kilichobaki ni wazazi kukithibitisha kwa mdomo mbele ya afisa wa vizazi na vifo. Afisa huyo aliitwa Skolastika, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Ijumaa saa tatu walikuwa wa kwanza kwenye foleni, na waliitwa saa sita kasorobo.

"Manariyo," alisoma afisa. "Ni jina la wapi hilo?"

"La hapa, mheshimiwa. Nimezaliwa Ujiji."

"Na baba yako?"

Manariyo alikuwa nazo tayari kwenye mfuko wa nailoni, karatasi za uraia za baba yake. Skolastika alizisoma zote mbele na nyuma, ingawa kazi ya siku ile haikuzihitaji, kisha akamrudishia. Manariyo alizipokea kwa mikono miwili.

"Haya. Bukuru, Butoyi, Kiza." Afisa alipitisha kalamu kwenye majina. "Kwetu Kasulu ni hivihivi. Bukuru na Butoyi ndio mapacha, na anayewafuata ndiye Kiza. Kaka yangu mimi ni Kiza. Sasa, huyu anayeombewa cheti ni Kiza. Bukuru yupo. Butoyi yuko wapi?"

"Alifariki," alijibu Manariyo.

"Nimemwuliza mama. Mama ndiye aliyezaa."

Merina alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi hiyo siku mbili, akigeuza dagaa. Ilitoka kama ilivyotakiwa.

"Butoyi alifariki."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu, elfu mbili kumi na tano."

"Alikuwa anaumwa?"

Hapo hawakuwa wamepafanyia mazoezi. Merina alikuwa na kifo kimoja tu cha kusimulia, akakisimulia.

"Jumapili aliamka na homa," alisema. "Jumatatu tukampeleka zahanati, wakasema malaria, wakampa dawa. Jioni akapata nafuu. Akaniambia, mama, nataka ugali na mgebuka. Nikamwambia, ngoja kidogo mwanangu, moto umezimika. Nikatoka kuupuliza. Kuni zilikuwa mbichi. Niliporudi alikuwa hanijui."

Alilia bila sauti, amekaa wima, mikono juu ya pochi. Skolastika aliacha kuandika, akamsogezea karatasi laini.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi," alisema Merina.

Kalamu ilisimama. Fomu iliyokuwa mezani ilisema Butoyi alizaliwa Januari 2002. Manariyo alikohoa.

"Kumi na mitatu, mheshimiwa. Mama amechanganyikiwa."

Skolastika alivua miwani. Alimtazama Merina kwa muda mrefu, na nje mtu wa foleni akagonga mlango mara mbili akaacha.

"Mzee," alisema taratibu, "mama hachanganyi umri wa mtoto aliyemzika. Huchanganya wa walio hai."

Ukutani feni ilizunguka. Manariyo alikuwa ameushika mfuko wake wa nailoni hadi ukatoa sauti.

Skolastika alivaa miwani, akaandika kumi na tatu, akageuza karatasi. "Sahihi hapa, mama. Na hapa." Merina alitia sahihi polepole, herufi zote, kama alivyofundishwa katika elimu ya watu wazima.

"Pole, mama," alisema afisa. Hakusema pole ya nani.

Jumatatu kamati iliona cheti na msalaba, ikasema picha ilikuwa ya kughushi, na malalamiko yakatupwa. Alhamisi fainali ilichezwa, na namba saba akafunga mabao mawili, yote kwa mipira mirefu. Merina hakuruhusiwa kwenda. Alikwenda Bukuru, akarudi na habari.

"Yule Adolf alikuja," alimwambia mama yake. "Timu yake ilishatoka, lakini alikuja. Alisimama pembeni ya mstari, kila mpira ukiinuliwa, 'Butoyi! Oya, Butoyi!' Mpaka sauti ikamkauka."

"Na yeye?"

"Hakugeuka. Mwalimu amemfundisha wiki nzima. Wamewatuma hadi watoto wamwite njiani." Bukuru alikuwa akikata uzi kwa meno. Tangu ajifunze kushona, kila alipojishonea gauni, alikata na shati la pacha wake katika kitambaa hichohicho, maana mapacha hupewa sawa kwa sawa. Kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani kilikuwa cha bluu, na kilikuwa cha mtu mmoja. "Hata kope hakupepesa, mama. Mimi mwenyewe nilimwita alipotoka uwanjani. Alinipita."

Kijana aliondoka Jumapili, kwa treni. Kocha alikuwa ameomba kwa heshima mama abaki nyumbani, kwa sababu bwana wa Dar alikuwa akisafiri na kijana, na kituoni kuna masikio mengi. Merina alikubali. Kisha akakaanga migebuka miwili, akasonga ugali wa muhogo kwa unga wa Marcelina, akafunga vyote kwenye jani la mgomba na kitambaa juu, akaenda.

Wanafunzi walikuwa wamejaa kwenye jukwaa la kituo. Walipiga makofi na kuimba Kiza kimeingia, na mwanawe alikuwa katikati yao karibu na mlango wa behewa, amevaa traki suti ya chuo, amempa mgongo. Bwana wa Dar alisimama pembeni yake akisoma simu. Merina alijaribu kupenya, wanafunzi hawakumjua, wakampisha kidogo tu.

"Butoyi," aliita.

Kijana hakugeuka. Alikuwa umbali wa hatua sita.

"Butoyi!"

Mara hii mama aliona shingo yake ikikaza, mshipa mmoja ukisimama chini ya sikio. Alikuwa amesikia. Alicheka na mtu aliyekuwa mbele yake, akainua begi lake begani. Msichana mmoja wa chuo alimgeukia Merina. "Mama, unamtafuta nani? Hapa hakuna Butoyi."

Filimbi ya kwanza ililia. Bwana wa Dar akapanda. Kijana akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa.

"Kiza," alisema Merina.

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ileile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Na kijana akageuka mara moja, mwili mzima, akashuka ngazi, akapenya katikati ya wenzake mpaka akasimama mbele yake.

"Naam, mama."

Mara ya mwisho alipoliita jina hilo, miaka tisa iliyopita, alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye masizi, na halikuitikiwa. Alimtazama kijana usoni kama mtu anayesoma karatasi ya wengine. Kisha akamwekea kifurushi mikononi. Kilikuwa bado cha moto.

"Mgebuka?" aliuliza kijana, akinusa.

"Na ugali," alisema Merina. "Kula sasa hivi, mwanangu. Usingoje."